Jiwe la Mapangoni na Insha Yangu

Kosa langu la kijinga ni hili: nilipokuwa Kidato cha Pili niliandika insha nzuri sana kuhusu mahali ambapo sikuwahi kufika.

Shule yetu ilikuwa Singida mjini. Ilipata lori la kutupeleka kutazama mapango ya upande wa Mgori, na asubuhi ya safari mimi nikajishika tumbo. Sikuwa na ugonjwa wowote. Nilikuwa na blanketi lililokwisha kupata joto, na nilikuwa nimedokezwa kwamba wagonjwa watakaobaki watapikiwa wali. Nikabaki, nikala wali, nikalala tena. Jioni wenzangu waliporudi na vumbi mpaka kwenye kope, nilimkalisha mmoja wao kitandani kwangu, nikampa ukoko niliomwekea, naye akanisimulia yote aliyoyaona. Kesho yake mwalimu wa Kiswahili akataka insha. Ya kwangu ndiyo iliyosomwa mbele ya darasa.

Sehemu moja bado naikumbuka kwa moyo. "Tulipoufikia mto wenye maji maangavu tulipinda kulia, na baada ya mwendo mfupi wa kupendeza mapango yakajitokeza mbele yetu kama kasri la wafalme wa kale." Mwalimu alilipigia mstari neno kasri kwa wino mwekundu. Halikuwa kosa. Alikuwa amelipenda.

Ningeliacha jambo lile likafia shuleni, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini miaka michache baadaye nilimpenda binti wa huko huko karibu na msitu wa Mgori, na kwa kuwa sikuwa na ng'ombe wa kumwonyesha, nilimsomea insha. Nilitaka ajue kwamba kwao napafahamu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe kwetu kuna mto wenye maji." Mimi nikadhani ananisifu.

Tulioana, tukaweka makazi Mwankoko. Hapo ndipo nilipojulikana kwa sifa yangu halisi, ambayo ni kukaa. Kuna watu wana miguu ya njia. Mimi Mungu alinipa miguu ya kigoda. Nikitoka kazini, nilikokuwa nikiandika barua za watu katika ofisi ndogo yenye dirisha moja, nilikwenda nyumbani moja kwa moja na sikutoka tena. Jirani yetu, mama mmoja mjane aliyefuga kuku ng'ambo ya ua wa minyaa, alikuwa akiwaambia wageni wanaonitafuta, "Msihangaike kupiga hodi mara mbili. Yumo. Hata siku akifa atakuwemo." Alikuwa na sauti ambayo ua wa minyaa haukuweza kuizuia, na nadhani hakutaka uizuie.

Basi ukafika mwaka wa watu kuhamia vijijini. Habari zikaja kwamba wakwe zangu nao wamepangiwa kwenda kwenye kijiji kipya, kando ya barabara, mbali na pale walipozaliwa wao na wazazi wao. Mke wangu akafunga mzigo. Alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba yetu ya kwanza, na hakuniuliza kama nitakwenda. Aliniambia tu nivae viatu.

Tulikuta tembe limebomolewa nusu. Udongo wa paa ulikuwa umeshushwa, na wanaume walikuwa wakichomoa boriti na nguzo ili wakajenge nazo huko mbele, kwa sababu mti mzuri wa kujengea hauachwi. Na mimi nikashika boriti. Nilimwangushia shemeji yangu mguuni kabla jua halijasimama vizuri. Wakaniambia kwa heshima zote kwamba mkwe asichoke, akae. Nilikaa. Ni kazi niliyoizoea.

Mchana tulikula ugali wa uwele na mlenda chini ya ile nusu ya paa iliyobaki. Mama mkwe hakuwa nasi, na hakupaswa kuwa nasi. Kwa watu wa kule, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja, hawatazamani usoni wala hawaambiani neno moja kwa moja. Kitu cha kumpa mwenzako unakiweka chini, unaondoka, naye anakuja kukichukua. Huo si ugomvi, ndiyo mapenzi yenyewe. Kwa hiyo alikuwa nyuma ya ukuta wa kihenge cha nafaka, na chakula chake, akisikia kila kitu.

Bibi ni habari nyingine. Bibi huyu, mama yake baba mkwe, kwangu alikuwa mtani. Nilimpa shikamoo kwa kuinama, akaitikia marahaba, na heshima ikaishia hapo. Kuanzia hapo mimi nilikuwa "mume wangu" na mke wangu alikuwa "mke mwenzangu". Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, haoni zaidi ya kivuli. Mdomo wake haukuwa na ukungu.

Baba mkwe alisema lori la serikali litakuja kesho kutwa asubuhi. Bibi akaweka tonge chini.

"Mimi silipandi lori lenu bila jiwe la mama."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Bibi alipokuwa msichana mdogo, wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, watu wa eneo lile walihamia mapangoni kuwakimbia wakamataji wa wapagazi. Waliishi mle misimu miwili ya kilimo. Walijenga kuta za mawe na udongo ndani ya mapango, kila nyumba na chumba chake, kila mwanamke na mawe yake ya kusagia. Hali ilipotulia walirudi makwao, lakini wanawake waliyaacha mawe mle mle. Mama yake Bibi alisema, "Tutarudi tu," kwa kuwa kabla ya hapo babu zao waliyakimbilia mapango yale yale kuwakwepa wezi wa ng'ombe. Hawakurudi. Mama akafa, binti akazeeka, na jiwe bado linasubiri. Sasa familia inapelekwa barabarani, mwendo wa siku nzima kutoka hapo, na Bibi hana tena miguu ya kwenda na kurudi.

Alitaka mambo mawili. La kwanza, jiwe la juu, lile dogo la kushika mkononi. La pili, kwa kuwa jiwe la chini halibebeki, alitaka kusaga juu yake kibaba kimoja cha uwele, mle ndani, alipokuwa akisaga mama yake.

"Kibaba kizima," alisema. "Nisage mpaka kiishe. Ndipo nitajua nimehama."

"Mama," baba mkwe akasema taratibu, "yule ndugu wa wilayani anayetuhamisha amesema huko kijijini italetwa mashine ya kusaga."

"Ikija nitaisalimia."

Hakuna aliyecheka. Siku iliyobaki ilikuwa moja tu, na wanaume wote walikuwa na nguzo za kung'oa. Baba mkwe akauliza nani atampeleka. Mke wangu, mdomo ukiwa umejaa mlenda na macho yamejaa fahari, akajibu.

"Mume wangu anapajua. Aliandika mpaka insha."

Wakanitazama wote. Mwanamume mwenye akili angesema hapo hapo kwamba siku ile aliumwa tumbo. Mimi nikasema, "Naweza kufika hata nikifungwa macho."

"Vizuri," Bibi akasema. "Tutakuwa wawili."

Baba mkwe akakata shauri kwamba aongoze anayejua, mke wangu amshike punda wa kumbeba Bibi, na mama mkwe aende pia ili pawepo na mwanamke mwingine wa kumsaidia mama kizee. Nyuma ya kihenge nikasikia kikohozi. Kimoja tu, kikavu. Nikadhani ni vumbi.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mbele mimi, na fimbo ambayo sikuijua matumizi yake. Nyuma yangu mke wangu na punda, na juu ya punda Bibi, ameshikilia shingo ya mnyama kama anayemnong'oneza, kibaba chake cha uwele kimefungwa kwenye pindo la khanga. Nyuma kabisa, umbali wa kurusha jiwe, mama mkwe, khanga kichwani. Nikisimama, anasimama na kutazama miti. Nikigeuka kuwaonyesha kitu, naye anageuka. Mandhari yote niliyoyasifia siku ile, mama mkwe aliyaona kwa kisogo.

Na kwa kweli yalikuwa ya kusifiwa. Mtu wa kukaa kama mimi hajui nchi yake mpaka alazimishwe. Tulishuka bonde la kwanza jua likiwa bado halina ukali, mashamba ya mabua upande huu, migunga upande ule, na mbele yetu milima ya mawe imepangana kama mtu alianza kujenga akaitwa kula. Pimbi walikuwa wamejianika juu ya majabali. Walitutazama tukipita, wakaona hatuna maana, wakafumba macho tena. Niliwapenda papo hapo. Nilikuwa sijakutana na kabila langu kwa wingi namna ile.

Tukafika kwenye korongo. Mchanga mweupe, mkavu, wenye vishimo ambavyo wanawake huchimba kutafuta maji.

"Mto," nikatangaza.

"Maji maangavu yako wapi?" mke wangu akauliza.

"Si msimu wake."

Nikapinda kulia, kama ilivyoandikwa. Nyuma, mbali, kikohozi.

Insha yangu ilikuwa na mto mmoja. Nchi ilikuwa na makorongo matatu. Tulipofika la pili nilijiambia kwamba la kwanza halikuhesabika, nikapinda kulia tena. Tulipofika la tatu, kichwa kikiwa kimeanza kunitoka jasho ambalo si la jua, nikapinda kulia kwa mara ya tatu, na mtu yeyote aliyekaa darasani siku ya hesabu za pembe anajua mtu anayepinda kulia mara tatu anaelekea wapi. Mimi sikuwaza hesabu. Nilikuwa nikiwaza maneno. Kila nilipozidi kupotea nilizidi kusifu. Niliwaonyesha jabali lililokaa juu ya jabali kwa ncha moja, nikaeleza linavyosimama. Niliwaonyesha mzinga wa nyuki uliotundikwa mtini, nikaeleza asali.

"Mume wangu," Bibi akasema kutoka shingoni kwa punda, "huo mzinga uko kushoto kwetu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nyuki wake nimewasikia pia asubuhi. Walikuwa kulia."

"Nyuki ni wengi huku."

"Ni kweli. Hata sauti zao zinafanana."

Mke wangu alikuwa ameacha kucheka tangu korongo la pili, na nilijua macho yake yako mgongoni kwangu. Jua likapanda. Ikawa saa tano, ikawa saa sita. Bibi aliushika ule uwele wake kila baada ya hatua chache, kama mtu anayehakikisha kwamba mtoto aliyembeba bado yupo.

Ndipo nikaona shimo. Lilikuwa chini ya jabali, jeusi, kubwa kiasi cha mtu kuinama akaingia. Moyo ukarudi mahali pake.

"Tumefika," nikasema. "Mapango haya hapa."

Tukamshusha Bibi. Akakisogelea kile kivuli, akainama, akanusa. Akapapasa chini kwa mkono, akaokota kitu, akanipa. Ulikuwa mwiba mrefu wenye mistari myeusi na myeupe.

"Mume wangu," akasema, "mama yangu alikuwa na mambo mengi, lakini hakuwa nungunungu."

Mke wangu alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Alipomaliza kucheka hakunyanyuka upesi, na akasema kwa sauti ndogo, akitazama kule jua lilipo, "Sasa Bibi atasaga saa ngapi?"

Hilo ndilo lililonichoma. Kuchekwa nimezoea. Nilimtazama yule mama kizee amesimama mbele ya shimo la mnyama, mkono mmoja uko kwenye pindo la khanga, akingoja kwa adabu nimwambie tunaelekea wapi. Nikashika kamba ya punda nimvute tuendelee mbele, kwa kuwa mbele ndiko pekee nilikokujua. Punda akakataa.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nioe, nikaisikia sauti ya mama mkwe ikisema kitu kinachonihusu. Alikuwa ametupa mgongo, kule nyuma ya kichaka. Alikuwa akimgombeza punda.

"Wewe punda, unawapeleka wapi watu? Mapango yako kule, nyuma ya lile jabali lenye mti wa tini ulioota juu. Tumelipita asubuhi na mapema. Ulitakiwa kuvuka korongo la kwanza na kwenda mbele tu. Mimi nimechunga mbuzi wa baba yangu humu mpaka nikaolewa, nitaacha kujua?"

Nilielewa mambo yote kwa pamoja. Kikohozi cha nyuma ya kihenge, kikohozi cha kwenye korongo. Mwanamke huyu alijua njia tangu jana. Lakini angeifunguaje midomo? Mkwe amesema mbele ya watu kwamba anajua. Mama mkwe kumwambia amekosea ni sawa na kumvua nguo hadharani. Kwa hiyo aliyejua njia alitembea nyuma akiwa amenyamaza, na asiyejua akatembea mbele akiongea. Saa sita nzima.

Sikuweza kumjibu. Lakini punda alikuwepo.

"Punda," nikasema, nikimtazama mnyama machoni, "kwa nini hukuniambia mapema?"

Kisha kutoka kichakani: "Punda ana heshima zake."

"Punda, naomba nikueleze. Mimi huku sijawahi kufika. Siku ya safari ile nilisema naumwa tumbo, nikabaki shuleni nikala wali."

Mke wangu akajifunika uso kwa khanga. Mpaka leo hajaniambia kama alikuwa anacheka au analia.

"Punda," sauti ikasema, na naapa kulikuwa na tabasamu ndani yake, "mwambie aliyeumwa tumbo arudi alikotoka, na akifika kwenye mchanga wa korongo la kwanza avuke. Na atembee upesi. Mama ana kazi."

"Mimi kazi yangu ni kukaa juu ya huyu msema kweli," Bibi akasema, akimpigapiga punda shingoni. "Nipandisheni."

Tulirudi kwa namna hiyo. Punda alielekezwa kwenye kila njiapanda, na mimi nikamtii. Katika muda ule nilizungumza na mama mkwe zaidi ya nilivyowahi kuzungumza naye kabla, au baada. Alimweleza punda jina la kila jabali. Alimwonyesha mahali ambapo fisi alimchukua mbuzi wake mmoja, na mti wa furu aliokuwa akiupanda akiwa na umri ambao hataki punda aujue. Nilimuuliza punda kama furu zile zilikuwa tamu. Punda akajibu kwamba za chini zilikuwa chachu, za juu ndizo zilizokuwa na haja. Bonde lile nililolipita asubuhi nikilisifia kwa maneno ya kitabuni, sasa lilikuwa na watu ndani yake.

Tulifika jua likiwa limeshalala upande mwingine, saa tisa imepita.

Halikuwa kasri. Lilikuwa jabali refu lililoinama kama paa la baraza, na chini yake kuta fupi za mawe na udongo, nyingine zimeanguka, nyingine bado zina alama za vidole vya waliozisiriba. Dari lilikuwa jeusi kwa masizi. Palikuwa na kizizi cha ndama, kipana kidogo kuliko mkeka. Mimi nilibaki juani na punda, kwa sababu pango lote lina paa moja, na paa likiwa moja, hata kama limejengwa na Mungu, mkwe na mama mkwe hawaingii pamoja.

Niliwatazama kutoka nje. Bibi alikataa kushikwa mkono. Aliweka kiganja ukutani akaenda akihesabu milango, akitaja kila mlango ulikuwa wa nani. Kwenye wa tatu alisimama. Akainama akaingia kama mtu aliyetoka kuteka maji tu.

Baadaye kidogo mke wangu akaja. "Jiwe la chini limefunikwa kifudifudi, ni zito. Mama anatoka. Wewe ingia kwa upande huu."

Mama mkwe akatokea upande wa pili, akaenda kusimama nyuma ya jabali. Mimi nikaingia. Nilishika lile jiwe, na kwa mara moja maishani sikumwangushia mtu mguuni. Nililigeuza. Chini yake, ndani ya shimo lililochimbwa na miaka ya kusaga, jiwe dogo lilikuwa limelala, safi, bila hata vumbi, kama lilivyowekwa siku ile na mwanamke aliyesema watarudi.

Bibi akalipapasa. Upande mmoja palikuwa na kibonyeo cha kidole gumba, upande wa kushoto, kwa kuwa mama yake alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Bibi alijaribu gumba la kulia, halikukaa. Akajaribu la kushoto, likakaa.

Alipiga magoti, akafungua pindo la khanga, akamwaga uwele kidogo, akaanza kusaga kwa mkono ambao si wake wa kawaida. Alisaga vibaya mwanzoni, punje zikitoroka kila upande. Kisha mgongo ukakumbuka. Sauti ile ilijaa pango lote, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na mke wangu alisimama na mikono juu ya tumbo lake, akisikiliza.

Alisaga konzi moja, punje za kujaza kiganja. Alikuwa akimwaga ya pili wakati sauti ya mama mkwe ilipotoka nyuma ya jabali, ya upole kuliko zote za siku ile.

"Punda, jua linakwenda. Njia ya kurudi ina fisi, na kati yetu kuna mwenye mimba."

Bibi aliacha mkono juu ya jiwe. Nilijua anahesabu, na nilijua hesabu yake inaanzia wapi. Kibaba kingemchukua muda ambao mimi niliutumia kupinda kulia.

"Basi," akasema.

Uwele uliobaki hakuufunga tena. Aliumimina wote kwenye shimo la jiwe la chini, akausawazisha kwa kiganja. Unga wa ile konzi moja tuliugawana, kila mtu kidogo, mkavu, kwenye kiganja. Fungu la mama mkwe nililiweka mimi mwenyewe juu ya jani, nikaliweka chini nje, nikaondoka, nikatazama miti. Nilipogeuka jani lilikuwa tupu.

"Bibi," nikasema, "nisamehe. Nimekula siku yako."

"Mume wangu," akajibu, akinipa jiwe nilibebe, "kama ungekuwa umeila, ungekuwa umeshiba. Twende."

Jiwe lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Nililibeba kifuani njia yote, sikukubali kumpa punda, na hakuna aliyenisifu. Tulifika nyumbani jua linazama.

Lori lilikuja kesho yake. Yule ndugu wa wilayani alipokuwa akipakia watu aliona Bibi amepakata jiwe, akasema mawe hata huko yapo. Bibi akamuuliza kama yana gumba la mama yake. Akapanda nalo. Mashine ya kusaga ililetwa kweli baada ya muda, na Bibi alikwenda kuisalimia kama alivyoahidi. Akasikiliza kelele zake, akarudi nyumbani kusaga kwa mkono wa kushoto. Mwanetu alipozaliwa uji wake wa kwanza ulitokana na jiwe lile. Mama mkwe aliuleta, akauweka mlangoni, akaondoka.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku niliyorudi Mwankoko nilikuwa na malengelenge kwenye miguu yote miwili na hadithi ambayo niliiona nzuri. Nilikaa kwenye kigoda changu uani, nikamsimulia jirani yetu, yeye akiwa upande wake wa minyaa akiwatupia kuku punje. Sikumficha kitu. Nilimweleza habari za insha, makorongo, nungunungu na punda. Nilipofika kwenye ile konzi moja nilitulia, nikingoja aseme kwamba angalau jiwe lilipatikana, angalau nilikwenda.

Alimaliza punje zake, akapangusa mikono.

"Ungebaki nyumbani kama kawaida yako, wale wanawake wangefika saa tatu, na mama kizee angemaliza kibaba chake."